Programu ya Kule, Mashine ya Hapa

Ukikaa nusu siku kwenye kibanda chochote cha fotokopi na kuchapa pale Kasuku, mjini Kindu, utasikia shida ileile ikija kwa sura tofauti. Mwanafunzi ana programu ya Windows, lakini laptopu ya mtumba aliyonunua imewekwa Linux. Mtunza maktaba ana katalogi iliyoandikwa miaka ya 1990 kwa programu ya DOS, na Windows ya leo inakataa hata kuigusa. Kijana wa ng'ambo ya mto, Alunguli, hana kompyuta kabisa. Anataka kucheza kwenye simu mchezo uliotengenezwa kwa mashine ya Sony. Wote watatu hupewa jibu moja: tafuta emuleta. Kwa wawili jibu hilo ni sahihi. Kwa yule mwanafunzi si sahihi, na akilifuata atapoteza siku nzima na mega zake zote.

Emuleta ni programu inayoigiza mashine nyingine. Mchezo wa PSP, ile mashine ya Sony, umeandikwa kwa amri za prosesa ya aina ya MIPS, ilhali simu yako inaelewa amri za ARM tu. Emuleta hukaa katikati: huchukua amri za MIPS na kuzitoa upande wa pili zikiwa amri za ARM, na papo hapo huigiza skrini, vitufe, sauti na kadi ya kumbukumbu ya PSP, ili mchezo usijue kwamba umehamishwa.

Mtu wa Kindu hahitaji kufundishwa gharama ya jambo hili, maana mji wenyewe umejengwa juu yake. Mzigo wa kutoka Kisangani kwenda Kongolo, kwa mpango uliowekwa na Wabelgiji mwanzoni mwa karne ya 20, ulipanda treni kilomita 125 hadi Ubundu kwa sababu maporomoko hayapitiki, ukashushwa, ukapakiwa melini hadi bandari ya Kindu, ukashushwa tena, ukapanda treni nyingine. Gunia la chumvi lilibaki gunia la chumvi safari nzima. Kilicholiwa kilikuwa muda na migongo ya wapagazi kila liliposhushwa na kupakiwa. Kwenye kompyuta pia, kabla hujapakua chochote, hesabu mzigo wako utashushwa mara ngapi.

Programu ya Windows kwenye laptopu ya Linux hushushwa mara moja tu. Prosesa ni ileile ya Intel au AMD, inazielewa amri zote za programu. Kinachotofautiana ni mfumo endeshi. Programu ya Windows kwenye simu hushushwa mara mbili: prosesa si yenyewe, na mfumo endeshi si wenyewe. Mchezo wa PSP kwenye simu hushushwa mara nyingi kuliko hizo, kwa sababu kila kiungo cha mashine ya Sony lazima kiigizwe. Hata hivyo mchezo wa PSP huenda vizuri kuliko programu ya Windows kwenye simu hiyohiyo, na hili huwashangaza wengi. Sababu ni umri. PSP ilitoka Japani mwishoni mwa 2004 na prosesa yake haizidi MHz 333. Simu ya bei ya chini ya leo ina viini vinane, kila kimoja kikienda zaidi ya mara nne ya kasi hiyo, kwa hiyo ina nguvu za kupoteza njiani. Kigeni cha zamani juu ya kipya ni rahisi. Kigeni cha jana juu ya mashine dhaifu ya leo ni mateso.

Usione kwamba haya ni mambo ya wasio na pesa tu. Apple ilipohamisha Macintosh kwenye prosesa za PowerPC mwaka 1994, ikahamia Intel mwaka 2006, kisha ikaanza kutumia prosesa zake yenyewe mwaka 2020, kila mara iliandaa kwa mashine mpya programu ya kuendeshea programu za mashine ya zamani.

Kwanza, mlango wa pembeni

Watu wengi wanaotafuta emuleta hawaihitaji. Ninalisema hili mwanzoni kwa sababu ndilo litakalokuokolea pesa.

Mfanyakazi wa shirika anayekusanya takwimu kwa KoboCollect huvunjikiwa na simu, akataka kuweka Android nzima ndani ya laptopu ili aendelee. Hakuna haja. Fomu zilezile za Kobo hufunguka kwenye kivinjari cha kompyuta, na ukishazifungua mara moja ukiwa na mtandao, unaweza kuzijaza bila mtandao na kuzituma baadaye. Anayetumia CSPro kwa uchunguzi wa kaya ana bahati zaidi: sehemu ya kuingizia data ina toleo la Windows na toleo la Android, na kazi ni ileile. WhatsApp ina mlango wake kwenye kompyuta. M-Pesa na Airtel Money hupatikana kwa namba fupi kwenye simu ya vitufe. Usiingize kamwe namba yako ya siri ya pesa ndani ya emuleta uliyopewa na mtu kwenye fulashi.

Mwanafunzi anayeandika TFC, kazi ya kumalizia masomo, na ambaye mwalimu wake anataka hesabu za SPSS anaweza kutumia PSPP, programu ya bure inayofungua faili zilezile zenye mkia wa .sav na kufanya majedwali na vipimo vya kawaida. Haifanyi kila kitu. Kwa kazi nyingi za TFC inatosha, na haina haja ya leseni iliyovunjwa na virusi vilivyofungashwa pamoja nayo.

Ukikosa mlango wa pembeni kweli, ndipo uendelee.

Umeme kabla ya mega

Miongozo mingi huandikwa na watu ambao umeme kwao hauna mwisho. Tufanye hesabu ya kwetu. Tuseme nyumbani una betri ya sola ya volti 12, Ah 100. Kwenye karatasi hiyo ni Wh 1,200, lakini betri ya asidi ukizoea kuishusha chini ya nusu unaiua, kwa hiyo hesabu Wh 600. Laptopu inayoandika barua hula kama wati 15: saa 40. Laptopu hiyohiyo ikiendesha emuleta nzito, prosesa ikifanya kazi bila kupumua, inaweza kufika wati 40: saa 15. Na hapo bado hujatoa kinachopotea kwenye inveta.

Ndiyo maana kila nitakapokuambia upunguze kitu kwenye mipangilio, jua kwamba sijali mwendo tu. Ninaangalia pia betri. Emuleta iliyoachwa ichague yenyewe mara nyingi huchukua nguvu zote ilizoona, hata kama kazi ni kuonyesha maandishi meupe kwenye skrini nyeusi.

Kuhusu mega, ukubwa wa vitu hivi hutofautiana kupita kiasi. DOSBox ya Windows, emuleta ya DOS, haifiki MB 2. PPSSPP, emuleta ya PSP, ni makumi machache ya MB. Diski moja ya mchezo wa PSP inaweza kufika GB 1.8. Linux Mint nzima ni karibu GB 3. Mambo ya MB mbili pakua mwenyewe kwenye tovuti ya wenyewe. Yale ya GB tatu unganeni, apakue mmoja usiku, wengine mnakili. Lakini mkinakili, linganisheni alama ya faili kwa amri ya sha256sum na ile iliyoandikwa kwenye tovuti. Fulashi bandia zipo za kutosha, na GB 3 zilizokatika katikati hujulikana ukiwa umeshafuta Windows yako.

PSP ndani ya simu

Emuleta ya kutumia ni PPSSPP. Ilianzishwa na Henrik Rydgård wa Uswidi na kutolewa Novemba 2012. Ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Kuna toleo la dhahabu linalolipiwa, lakini uwezo wake ni uleule. Unalipa ili kuwasaidia watengenezaji. Kwa hiyo anayekuuzia kibandani hiyo ya dhahabu kwa faranga zako, akisema ndiyo inayokwenda kasi, anakuuzia rangi ya alama tu. Mbaya zaidi, hujui ndani yake kumeongezwa nini. Ichukue Play Store au kwenye tovuti ya PPSSPP yenyewe.

Ukiifungua mara ya kwanza kwenye Android mpya, itakuuliza iweke wapi mafaili yake. Hapa ndipo wengi hubonyeza bila kusoma. Ukichagua eneo la ndani la programu, siku utakapoifuta ili kupata nafasi ya picha, kila mchezo uliohifadhi utafutwa nayo. Chagua folda uliyoiunda mwenyewe kwenye kumbukumbu ya simu. Humo itaundwa folda ya PSP, na ndani yake nyingine ya SAVEDATA. Hiyo SAVEDATA ndiyo mali yako. Ukibadilisha simu, inakili kwenye simu mpya, na ligi yako itaendelea ulipoiachia.

Kisha mipangilio. Washa kwanza kihesabu cha picha kwa sekunde ili uone unachofanya badala ya kubahatisha. Mchezo wa mpira unaotakiwa kwenda picha 60 ukionyesha 35, utauhisi kama wachezaji wanakimbia kwenye matope. Rudisha ukubwa wa picha kwenye ule wa asili wa PSP, nukta 480 kwa 272. Kwenye simu ndogo jicho halitaona tofauti kubwa, lakini simu itapumua. Kwenye njia ya kuchora picha, jaribu Vulkan, na ikileta picha zilizochanika rudi OpenGL. Ikishindikana, ruhusu iruke picha moja, basi. Ukiruhusu tatu, mpira utakuwa unatoweka na kutokea mguuni mwa mtu mwingine.

Usicheze simu ikiwa kwenye chaji. Simu ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na wewe utaanza kubadilisha mipangilio iliyokuwa sawa tangu mwanzo.

Kuna namna mbili za kuhifadhi mchezo, na zisichanganywe. Moja ni ya emuleta: inagandisha mashine nzima katika dakika hiyo, hata mpira ukiwa hewani. Ni tamu, lakini huenda isifunguke baada ya emuleta kupata toleo jipya. Nyingine ni ile ya mchezo wenyewe, kwenye menyu yake, kama ilivyokuwa kwenye PSP halisi. Tumia ya kwanza simu inapokaribia kuzima, na ya pili kila siku.

Sasa neno kuhusu yale mafaili yanayopita kutoka kadi hadi kadi yakiitwa PES ya mwaka huu. Konami, kampuni ya mchezo huo wa mpira, haikutoa PES yoyote ya PSP baada ya ile ya 2014, na mwaka huohuo Sony iliiacha mashine hiyo. Unachonakiliwa ni mchezo wa zamani ambao mashabiki wameuvisha jezi na majina mapya. Si kosa kuupenda. Ila usilipe bei ya kitu kipya, na ukikuta faili limefungwa kwa neno la siri linalotaka kwanza usakinishe programu nyingine, lifute. Kwenye mchezo wenyewe kuna sehemu ya kuhariri timu. AS Maniema Union ilifika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa ya Afrika msimu wa 2024–25, na kama unataka kuiona ikicheza na Real Madrid, chukua timu usiyoijali, ibadilishe jina, panga rangi. Hilo halihitaji mega hata moja.

Na sheria? Jambo hili liliamuliwa Marekani kabla wengi wa wachezaji wa leo hawajazaliwa. Mwaka 1999 kampuni ya Connectix ilitoa Virtual Game Station, iliyoendesha michezo ya PlayStation kwenye Macintosh. Sony iliishitaki. Februari 2000 mahakama ya rufaa ilisema kuchunguza mashine ya mwenzako ili utengeneze inayofanya kazi kama hiyo kunaruhusiwa. Mwaka uliofuata Sony ikainunua programu hiyo na kuizima. Lakini mwaka 2024 waliotengeneza Yuzu, emuleta ya Nintendo Switch, walikubali kulipa dola milioni 2.4 na kufunga kazi, maana mgogoro wao ulihusu kuvunja kufuli za michezo iliyokuwa bado ikiuzwa. Emuleta ni jambo moja, nakala ya mchezo ni jambo jingine. Kwetu, Sheria-Agizo namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za watunzi, na kibanda kinachouza nakala hakina ruhusa yao, hata kama hakuna anayekisumbua. Ipo michezo ya bure iliyotengenezwa na watu binafsi kwa ajili ya PSP. Anza na hiyo kujaribia simu yako.

Windows juu ya Linux

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilifunga msaada wa kawaida wa Windows 10. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda mbele, kwa hiyo laptopu nyingi za mtumba zinazofika kwetu zimeachwa nje. Wengi watahamia Linux, kwa kupenda au kwa kulazimika, na ndipo lile swali la mwanafunzi wetu linapokuja.

Jibu lake ni Wine. Kazi yake ilianza mwaka 1993, na toleo la kwanza kamili likatoka Juni 2008, miaka 15 ya subira. Waliounda Wine husisitiza kwamba si emuleta, na wana haki: haiigizi prosesa. Programu ikiomba kitu kwa lugha ya Windows, mfano kufungua dirisha au kusoma faili, Wine huiomba Linux kitu hichohicho kwa lugha yake. Ndiyo ile safari ya kushushwa mara moja. Programu ikikubali, huenda karibu na kasi yake ya kawaida, na betri haitaona tofauti kubwa.

Kwenye Linux Mint isakinishe kupitia meneja wa programu, au kwa sudo apt install wine. Kama programu yako ni ya zamani ya biti 32, ruhusu kwanza biti hizo kwa sudo dpkg --add-architecture i386, halafu sudo apt update. Kisha nenda kwenye folda yenye faili ya kusakinishia na uandike wine setup.exe. Itaundwa diski C ya kuigiza ndani ya folda iliyofichwa, ~/.wine/drive_c; ukitafuta ilikowekwa programu yako, iko humo. Mafaili ya .deb yaliyopakuliwa huenda yakabaki kwenye /var/cache/apt/archives. Ukiyakuta, yanakili kwenye fulashi, na mwenzako mwenye toleo lilelile la Mint ataokoa mega hizo zote.

Kabla hujafika huko, angalia orodha ya programu kwenye tovuti ya Wine, ambako watumiaji huandika ipi ilikubali na ipi iligoma. Kwa uzoefu wa jumla, programu ndogo za miaka ya 2000, kamusi, programu za kujifunzia na michezo mepesi hukubali. Programu zinazofungwa na ufunguo wa leseni, zinazotaka kifaa chake maalum kwenye tundu la USB, au zinazoegemea sana vitu vingine vya Microsoft, hugoma au hukubali leo na kugoma kesho.

Mfano unaowagusa wengi ni uhasibu. Tangu Kongo ilipoingia OHADA, umoja wa sheria za biashara, Septemba 2012, hesabu za biashara hufuata mpango wa SYSCOHADA, na Sage Saari, ambayo wahasibu wengi wa nchi hii wanaijua, ni ya Windows. Msimamo wangu hapa ni mkali: kama mishahara ya watu inapita kwenye programu hiyo, weka mashine moja ya Windows kwa kazi hiyo peke yake, na usiiunganishe na mtandao ila kwa lazima. Usiwaambie walimu thelathini kwamba malipo yamechelewa kwa sababu Wine imepata toleo jipya.

Jihadhari na jambo moja zaidi. Wine huiona diski yako yote kupitia herufi Z, kwa hiyo kirusi cha Windows kilichokuja na fulashi ya kibandani, ukikibofya ndani ya Wine, kinaweza kugusa mafaili yako ya Linux. Linux haikukingi na kidole chako mwenyewe.

Mtu atakuuliza: mbona nisiendeshe Windows kwenye simu? Ipo Winlator, iliyotokea mwaka 2023, inayofunga Wine pamoja na Box64, programu inayogeuza amri za Intel kuwa za ARM. Ni kazi ya ajabu. Lakini inapendelea simu zenye chipu ya picha ya Adreno na RAM ya kutosha, na simu nyingi za Tecno na Itel zilizo mikononi mwetu zina chipu za aina nyingine na RAM ya GB 2 au 3. Jaribu kwa kujifurahisha. Usiweke kazi yako humo. Na upande wa pili, BlueStacks, inayoweka Android kwenye Windows, inataka RAM ya GB 4 kama kiwango cha chini kabisa; kwenye laptopu yenye hizo GB 4 tu utakunywa chai ukisubiri ifunguke.

DOS, na katalogi ya zamani

Hapa emuleta inafanya kazi ambayo hakuna kitu kingine kinachoweza kuifanya vizuri, na inaifanya kwa bei ndogo.

UNESCO ilitoa CDS/ISIS, programu ya kutunza katalogi, kwa ajili ya kompyuta ndogo mwaka 1985 na kuigawa bila malipo, na maktaba nyingi za Afrika, za vyuo na za misheni, ziliingiza katalogi zao humo. Baadaye likaja toleo la Windows, lakini wengi walibaki na DOS. Windows ya biti 64 haiendeshi programu za DOS za biti 16 kabisa. Itakuambia tu kwamba programu hailingani na mashine. DOSBox, iliyoanza mwaka 2002, huigiza kompyuta nzima ya zama zile, na inakubali Windows na Linux vilevile.

Anza kwa kunakili. Chukua folda nzima ya ISIS kutoka kwenye kompyuta ya zamani, weka nakala moja kwenye fulashi na usiiguse tena, kisha fanya kazi kwenye nakala ya pili. Faili yenye mkia wa MST ndiyo yenye rekodi zenyewe, na XRF ndiyo inayoonyesha kila rekodi ilipo. Zikiwa nzima hizo mbili pamoja na FDT, inayoeleza sehemu za rekodi, katalogi bado ipo hata kama mengine yameharibika.

Fungua DOSBox. Utaona Z:\> na utaandika mount, na huenda skrini ikaandika ;ount. Usidhani kibodi imekufa. Laptopu zetu ni za AZERTY, na DOSBox imedhani kibodi ni ya Kimarekani. Andika keyb fr ubonyeze ingiza. Kwa bahati njema herufi zote za amri hiyo zimekaa mahali pamoja kwenye kibodi zote mbili. Ili usirudie kila siku, fungua kwa kihariri cha kawaida faili ya mipangilio ya DOSBox, nenda chini kabisa penye autoexec, na uandike mistari hii: keyb fr, kisha mount c ikifuatwa na njia ya folda yako, kisha c: peke yake, kisha cd isis, kisha isis. Ukifungua tena, utaikuta menyu ya UNESCO inakusubiri.

Kwenye faili hiyohiyo tafuta neno cycles na uandike cycles=fixed 4500. Programu ya maandishi haihitaji zaidi, na laptopu itapoa. Siku ya kujenga upya faharasa ya rekodi elfu kadhaa, ongeza mwendo kwa Ctrl na F12 ukiwa ndani, kisha punguza kwa Ctrl na F11 ukimaliza.

Usiishie hapo, ukadhani kwa kuwa inafunguka kazi imekwisha. Emuleta hii itumie kuyatoa yaliyomo. CDS/ISIS ina huduma ya kubadilishana data, ISISXCH, inayotoa rekodi kwa muundo wa ISO 2709, ambao mifumo ya maktaba ya leo kama PMB na Koha inaujua. Kama hakuna mfumo mpya bado, tumia huduma ya kuchapa, ISISPRT, na uiambie iandike orodha kwenye faili badala ya printa. DOSBox ya kawaida haina njia ya printa hata hivyo.

Faili hiyo ukiifungua moja kwa moja kwenye LibreOffice, herufi zenye alama za Kifaransa zitaharibika. DOS iliandika é kwa namba ambayo Windows huisoma kama alama ya kunukuu ya chini, kwa hiyo vitabu vyote vilivyochapwa Léopoldville vitaonekana vimechapwa L‚opoldville. Katika dirisha la kuingiza maandishi, kwenye orodha ya aina za herufi, chagua ile ya Ulaya Magharibi yenye maneno DOS/OS2-850, na tazama sampuli iliyo chini kabla hujakubali. Léopoldville ikikaa sawa, kubali, panga safu, hifadhi faili kwa UTF-8, na uipe jina lenye tarehe ya leo. Kisha rudi kwenye DOSBox uhesabu: idadi ya rekodi inayoonyeshwa na ISIS na idadi ya mistari uliyoipata kwenye LibreOffice lazima zilingane. Zikipishana, tafuta rekodi yenye sehemu iliyorudiwa, kwa kawaida kitabu chenye waandishi wawili au watatu.